Kichwa Nacho Kina Namba

Vijana wa vijiwe vya bodaboda vya Kakola na Bugarama, na ninyi mliotoka Namba Tisa, pikipiki zenu zimejipanga pale chini ya mti.

Kabla sijaingia humu nimezizunguka hizo pikipiki. Nimefurahi. Karibu kila moja ina helmeti, au elementi kama tunavyoiita wenyewe. Hii imening'inia kwenye kioo cha pembeni, ile imefungwa nyuma kwa mpira, nyingine imekalishwa juu ya tangi. Kwa hiyo leo sitawaomba mvae helmeti. Hilo mmeshalisikia kwa trafiki, kwa daktari, kanisani na msikitini. Nimekuja na swali jingine, na naomba kila mmoja ajijibu kimoyomoyo: hiyo helmeti yako ni ya kichwa cha nani?

Ukienda mnadani kununua kiatu, muuzaji anakuuliza namba. Hata mtumba, hata ndala, lazima uingize mguu, usimame, utembee hatua tatu, ubonyeze kwa kidole gumba mbele. Kikikubana unarudisha, kikipwaya unarudisha. Na mguu ukiumizwa na kiatu utaota sugu, basi. Lakini helmeti tunanunua kwa macho. Tunaangalia rangi, tunaangalia kioo kama ni cheusi, tunauliza bei, tunaivaa mara moja, ikipita masikio bila kusumbua tunasema hii ndiyo yangu. Wapo waliotumiwa na bosi pamoja na pikipiki, wapo walioirithi kwa aliyeacha kazi. Namba ya mguu tunaijua tangu utotoni. Kichwa nacho kina namba, na katika ukumbi huu sidhani kama wanafika watano wanaoijua ya kwao.

Mimi mwenyewe sikuijua, na nilikuwa mtu wa kofia. Nimefanya kazi chini ya ardhi. Huko hakuna anayeshuka bila kofia na taa, na kofia ya mgodi ina kifundo nyuma unachokizungusha mpaka ikushike; ukiinama isianguke, ukitazama juu isirudi kisogoni. Nilifanya hivyo kila zamu kwa miaka, mkono ulishazoea. Kisha zamu inakwisha, natoka getini, nachukua pikipiki yangu, navaa helmeti ya XL niliyoinunua kwa sababu iliingia vizuri. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, mita mia moja tu kutoka getini.

Jioni moja ya kiangazi nilikuwa natoka Kahama narudi Kakola. Mnaijua barabara ile ilivyokuwa kabla matengenezo ya lami hayajaanza: vumbi jekundu, malori ya mizigo, na pembeni mchanga laini unaofanana kabisa na ardhi ngumu mpaka uukanyage. Lori lilikuwa linanipita, nikakaa pembeni kulipisha, gurudumu la mbele likazama. Nilirushwa juu ya usukani. Ninachokumbuka ni kimoja: nilisikia helmeti ikinitoka kichwani kabla sijagusa ardhi. Upepo ulinipiga masikioni, kisha sikumbuki tena.

Mkanda nilikuwa nimeufunga. Watu huwa hawaniamini nikisema hivyo. Aliyeiokota mtaroni alimletea mke wangu ikiwa bado imefungwa, kibanio kimebana vilevile nilivyokibana Kahama. Ilinitoka kichwani ikiwa imefungwa, kama kikapu kinavyotoka juu ya mtungi. Hapa kwenye paji la uso mnaona kovu. Lakini kovu halikuwa kitu. Kwa siku tatu nilimwuliza mke wangu swali lilelile, ng'ombe wamerudi? Ananijibu wamerudi, baada ya dakika chache namwuliza tena, ng'ombe wamerudi? Yeye anaeleza kwamba jibu halikumchosha. Kilichomchosha ni kunitazama usoni na kuona kwamba mimi ninauliza kwa mara ya kwanza.

Helmeti yenyewe nimekuja nayo. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea akaipasua katikati kwa msumeno wa chuma, ili tuone ndani. Naomba nusu moja ipite upande huu na nyingine upande ule, na mkiishika muibonyeze kwa kidole.

Nje kuna gamba la plastiki ngumu. Helmeti za bei kubwa gamba lake ni la nyuzi za kioo, lakini kazi ni moja: kuteleza juu ya lami na mawe, kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, na kulitawanya pigo lisikae mahali pamoja. Ndani kabisa kuna kitambaa na sponji laini, hii inayogusa ngozi. Hii ni ya kukufanya ukae kwa raha na kuishikilia helmeti isicheze. Lakini katikati tazameni hicho cheupe. Ni jamaa ya lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ila hili limeshindiliwa zaidi. Unene wake kwenye helmeti nzuri ni sentimita 3 hivi. Watu wengi wanadhani gamba la nje ndilo linalookoa. Kinachookoa ni hizo sentimita 3.

Nieleze kwa lugha ya hapa. Ukiwa kwenye pikipiki kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kasi uliyonayo ni sawa na ya mtu aliyedondokea kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, lenye kina cha mita 10, wakati ule anafika chini. Kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo wa kupita katikati ya soko, ni duara la mita 3 na nusu. Aliyewahi kuchimba anajua maana ya kudondoka mita 10. Sasa kichwa kikifika chini lazima kisimame, na ubongo ulioko ndani ya fuvu lazima usimame nao. Kikisimama ghafla, ndani ya milimita chache, ubongo unajibamiza kwenye fuvu lake lenyewe, mishipa inachanika, damu inavuja mahali pasipo na pa kutokea. Kikipata sentimita 3 za kusimamia, povu likawa linasagika polepole chini yake, pigo linagawanyika. Ni tofauti kati ya breki na ukuta.

Sasa fikiria helmeti inapwaya. Helmeti inagonga ardhi na kusimama. Kichwa chako bado kinakuja, kwa kasi ileile, kikipita kwenye uwazi kabla hakijalifikia povu. Na hiyo ni kama helmeti bado ipo. Pengine haipo. Mwili unaporushwa unazunguka, helmeti yenye uzito wa kilo moja na zaidi inavutwa upande wake, na kama haijashika fuvu inageuka, inaziba macho au inachomoka. Kwenye ajali pigo la kwanza mara nyingi si la mwisho. Ukigonga usukani kwanza, kisha bampa, kisha ardhi, helmeti iliyotoka kwenye usukani haitakusindikiza ardhini.

Kuna jambo moja kwenye upimaji wa helmeti ambalo nilipolijua lilinifanya nikae chini. Umoja wa Mataifa una kanuni namba 22 inayohusu helmeti za pikipiki, na nchi nyingi zinaifuata. Katika toleo lake la tano, helmeti yenye kichwa cha bandia ndani yake ilikuwa ikidondoshwa juu ya chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, karibu sawa na kuanguka kutoka mita 3, na mtambo ulioko ndani ya hicho kichwa ulisoma pigo lililofika. Hicho kichwa cha bandia hakichukuliwi ovyo. Vipo vya ukubwa mbalimbali: vyenye mzingo wa sentimita 50, 54, 57, 60 na 62. Helmeti ya saizi fulani inapimwa kwa kichwa cha saizi hiyo. Kwa hiyo ile lebo inayokuambia kwamba helmeti imefaulu, imefaulu kwa kichwa kilichoijaa. Ukiingiza kichwa cha 55 kwenye helmeti ya 61, hakuna maabara popote duniani iliyokuahidi kitu.

Ujuzi huu haukushuka mbinguni, ulinunuliwa kwa watu. Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, mwanajeshi na mwandishi T. E. Lawrence, yule wanayemwita Lawrence wa Arabuni, alikuwa anarudi nyumbani kwa pikipiki. Mbele yake wakatokea wavulana wawili wa baiskeli, akawakwepa, akarushwa. Alikuwa kichwa wazi. Alikaa bila fahamu siku 6, akafa tarehe 19, na miaka yake 46. Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Kifo kile kilimkaa moyoni. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, barabara za Uingereza zikajaa askari wa kupeleka barua kwa pikipiki, usiku, taa zimefifishwa, na wakawa wanakufa kwa majeraha ya kichwa. Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha alichokiona, na humo alikuwa na wagonjwa 7 tu waliopata ajali wakiwa na kofia za kujikinga. Wote 7 walinusurika. Saba ni wachache, mwenyewe alijua. Lakini Novemba mwaka huohuo jeshi likaamuru askari wote wa pikipiki wavae, na akaendelea kuhesabu, na vifo vikashuka. Raia wa kawaida wa Uingereza walilazimishwa na sheria mwaka 1973.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani nayo ni ya 1973. Inamtaka mpanda pikipiki avae kofia ngumu, na mwaka 2010, bodaboda ilipokwisha kutambuliwa kuwa usafiri wa abiria, zikaja kanuni zake. Mwaka huohuo wa 2010 madaktari wa Bugando, Mwanza, hospitali ambako wagonjwa wetu mahututi hupelekwa, waliandika katika jarida la utafiti wa afya la nchi hii kwamba majeraha ya pikipiki yameibuka kuwa tatizo la afya ya jamii. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja na kutolewa mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti inapunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hayo ni makubwa, na siyapingi. Ila trafiki akikusimamisha pale njia panda anaangalia kama helmeti ipo kichwani. Futi ya kupimia kichwa hana. Hiyo kazi imebaki kwetu.

Basi tuifanye. Kipimo cha kichwa hakihitaji daktari. Kinahitaji futi ya fundi cherehani, ile laini ya kujikunja. Unaizungusha kichwani: mbele ipite juu ya nyusi, kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye nyusi, pembeni ipite juu ya masikio bila kuyagusa, nyuma ipite pale kisogo kinapotokeza zaidi. Usiilegeze, usiikaze mpaka ngozi inakunjika. Pima mara tatu, na chukua kipimo kikubwa kuliko vyote. Mwenye sentimita 55 au 56 kwa kawaida ni S. Mwenye 57 au 58 ni M. Mwenye 59 au 60 ni L. Mwenye 61 au 62 ni XL. Viwanda havifanani, kwa hiyo angalia karatasi iliyobandikwa ndani ya helmeti au kwenye boksi. Ikiandika sentimita, amini sentimita kuliko herufi.

Nilipopima changu nikapata 57. Nilikuwa nimevaa XL miaka minne.

Lakini futi inakufikisha dukani tu. Futi inajua mzingo, haijui umbo. Hapa kuna ndugu wawili, tumbo moja, wote nimewapima leo asubuhi na wote ni 58. Mmoja kichwa chake ni kirefu kutoka paji la uso kwenda kisogoni na chembamba pembeni. Mwenzake kichwa ni cha mviringo. Helmeti moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti ya mviringo itamchoma kwenye paji la uso, na pembeni atapitisha kidole. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa helmeti ndefu itambana kwenye panja, hapa juu ya masikio, mpaka kichwa kigonge. Na sote huwa tunatibu maumivu hayo kwa dawa moja: tunachukua kubwa zaidi. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Dawa ni kutafuta aina nyingine yenye saizi ileile, si saizi nyingine ya aina ileile.

Njoo kijana, wewe mwenye fulana ya njano, simama hapa. Helmeti hii ni mpya na ni ya saizi yako kwa futi. Shika mikanda yote miwili, ivute kwa nje ili mdomo wa helmeti upanuke, anzia mbele, ishushe. Mnaona imekwama kidogo kwenye masikio. Vizuri. Helmeti inayoingia kama kofia ya harusi si ya kwako. Sasa imefika. Mtazameni mashavu: yamesukumwa mbele, anafanana na mtu mwenye kiazi mdomoni. Akitafuna anayauma mashavu kidogo. Hivyo ndivyo helmeti mpya inavyotakiwa kuwa, kwa sababu sponji ya mashavuni italainika baada ya wiki kadhaa. Muuzaji akikuambia itazoea, anasema kweli kuhusu sponji. Povu jeupe halizoei. Kama kinachokuumiza ni kitu kigumu kinachochoma mahali pamoja, mrudishie.

Sasa ninaishika helmeti kwa mikono miwili na kumwambia akaze shingo. Ninaigeuza kulia, kushoto. Angalieni ngozi ya paji la uso: inakwenda na helmeti, nyusi zinapanda na kushuka. Ngozi ikibaki pale pale na helmeti ikazunguka yenyewe, ni kubwa. Halafu mkanda. Funga, kijana. Kati ya mkanda na koo vidole viwili viingie kwa taabu, cha tatu kisipate nafasi. Pete mbili za chuma ninazipenda kuliko kibanio cha plastiki, maana zinakulazimisha ukaze upya kila unapovaa; kibanio ukishakirekebisha siku ya kwanza unakisahau, na vumbi letu linakijaza. Ila kibanio kilichokazwa vizuri ni bora kuliko pete zinazoning'inia.

La mwisho ndilo lingeniokoa mimi. Ninasimama nyuma yake, ninashika ukingo wa chini wa helmeti kisogoni, ninavuta juu na kuisukumia mbele, kwa nguvu. Usicheke, kaza shingo. Mnaona inapanda kidogo inagota. Haitoki. Helmeti yangu ile, mke wangu aliijaribu hivi baada ya ajali, kwa mkono mmoja, ikanifunika macho na kutoka ikiwa imefungwa mkanda. Hakuna kifaa, hakuna gharama, ni mtu mmoja kusimama nyuma ya mwenzake. Naomba kila kijiwe wafanyiane hivyo kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza.

Kaa nayo kichwani, kijana, mpaka nimalize sehemu hii. Robo saa ni kipimo kizuri. Ukiivua tutaangalia paji la uso: wekundu au alama iliyoenea sawa si neno, lakini nukta moja inayouma ni ishara kwamba umbo si lako.

Najua mnachotaka kusema. Nimeshanunua kubwa, nifanyeje? Wengi wetu tunavaa mzula ndani, au tunakunja kitambaa kisogoni ili ijae. Nilifanya hivyo. Inatuliza mikono wakati wa kujaribu, lakini kitambaa kinateleza juu ya nywele, na helmeti inateleza juu ya kitambaa. Sufu inabonyea hadi kuwa si kitu pigo linapofika. Baadhi ya helmeti zina sponji za mashavuni zinazobandukika, na zipo za unene tofauti. Hizo ni sawa kabisa, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kama yako haina, jibu la kweli ni kubadilishana. Katika kijiwe kimoja hapa nilimpima kijana mwenye 55 na mwenzake mwenye 61, wamevaa helmeti pacha, na aliyekaa jirani yao mwenye 57 ana helmeti inayomkaba mpaka anaivaa utosini tu, mkanda haufungi. Wakabadilishana pale pale, wawili kati ya watatu wakapona bila shilingi.

Nizungumze na ndugu zangu wa mgodini na wa mialo ya kuoshea dhahabu. Ninawaona mkipanda pikipiki na kofia ya mgodi. Ninaelewa: ni ngumu, ni ya kazini, na mtu akiwa nayo anajisikia amevaa. Tena wapo humu wazee waliochimba hapa miaka ya zamani, walioingia maduarani kichwa wazi na tochi imefungwa kwa mpira, na kwao kofia yoyote ngumu ni maendeleo. Lakini kofia ile imetengenezwa kwa jiwe linalotoka juu. Igeuzeni mtazame: ndani ni utando wa mikanda unaoacha nafasi kati ya gamba na utosi, ili jiwe likidondoka mikanda inyumbuke. Pembeni hakuna povu la kutosha, paji la uso halina kitu. Mtu wa pikipiki anapigwa ubavuni mwa kichwa, usoni, kidevuni. Chini ya ardhi kofia ile inakutetea. Juu ya Boxer au TVS haina kazi iliyopewa.

Sasa abiria. Hapa nina uchungu zaidi, maana dereva angalau anaweza kuchagua helmeti yake. Abiria anapokea iliyopo. Mama anatoka mnadani amesuka nywele, fundo limesimama utosini, anapewa helmeti ya mwanaume, inakaa juu ya fundo kama sufuria juu ya figa. Mkanda haufikii kidevu. Mama zangu, siwezi kuwapangia msuko, lakini siku ya safari fundo lishuke kisogoni chini au nywele zilale mistari, na kichwa kipimwe na nywele zikiwa hivyo. Mtandio mwepesi uliolala hauna tatizo. Pini na fundo la kilemba ndani ya helmeti vinatafuta ngozi wakati wa pigo.

Na mmeniambia mnaogopa mapunye na chawa. Ni hofu ya haki. Kampala, watu wa kampuni ya bodaboda ya SafeBoda walipoanza mwaka 2014 walikubaliana na jambo hili mapema: dereva alibeba helmeti ya pili, na abiria alipewa kofia nyepesi ya kuvaa chini yake. Kigali huwezi kumwona abiria wa pikipiki bila helmeti. Kwa hiyo inawezekana kwa watu kama sisi. Vijiwe vyenu vina vikoba. Kikoba kikinunua helmeti za abiria, zisiwe zote XL. M ziwe nyingi, S ziwepo, kila dereva ajue aliyoibeba ni ipi, na mwenye abiria wa saizi nyingine aazime kwa jirani kabla ya kuwasha. Zile sponji zinazotoka zifuliwe kwa sabuni ya kawaida, zianikwe kivulini.

Watoto nitasema kwa ufupi kwa sababu naona nikikaa nitalia. Mtoto wa miaka 5 kichwa chake ni karibu sentimita 50. Hakuna helmeti ya mtu mzima inayomfaa, hata ukijaza kanga mbili, na ile tunayomvika asubuhi akienda shule katikati ya mshikaki wa watu watatu inamlemea shingo bila kumkinga. Helmeti za watoto zipo mijini. Mpaka mtu awe nayo, mtoto atembee.

Kuna makosa mengine ya kuiua helmeti iliyokaa vizuri, na mnayafanya kila siku bila kujua. Petroli inayeyusha lile povu jeupe. Helmeti iliyokalishwa juu ya tangi wakati wa kujaza mafuta ya chupa, ikachuruzikiwa kwa ndani, imekwisha hata kama gamba linang'aa. Ukiipaka rangi ya dawa ya kupuliza ili ifanane na pikipiki, ni hatari hiyohiyo. Helmeti iliyokwisha kupata ajali moja imetumia sentimita zake. Povu lililobonyea halirudi, na nje huenda usione hata ufa. Ndiyo maana mtumba ninauogopa: hujui ilianguka na nani. Kwenye mpya tafuteni kwenye mkanda wa kidevu lebo iliyoshonwa yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Hiyo ni nchi iliyoithibitisha. Za kutoka India zina alama ya ISI na namba IS 4151. Alama zinaghushiwa, najua, kwa hiyo bonyezeni pia kidole ndani. Ukikuta sponji laini moja kwa moja hadi kwenye plastiki, bila povu gumu katikati, hiyo ni kofia ya sherehe.

Bei ninaijua. Helmeti nzuri inakula hesabu ya siku kadhaa ya bosi, na joto la hapa mwezi wa kumi linatosha kumfanya mtu aichukie. Kwa joto, chukueni yenye matundu ya hewa mbele na nyuma, na msiiache juani kituoni. Kwa pesa, sina jibu jepesi, isipokuwa kwamba helmeti ya bei ya kati iliyokukaa ina faida kubwa kuliko ya bei kubwa inayopwaya, na kwa hilo nina ushahidi wa kovu.

Kijana, vua sasa. Geuka watu wakuone. Paji la uso lina mstari mmoja uliosambaa sawa, hakuna nukta. Unaumwa mahali? Hauumwi. Basi andika kwenye kadi yako ya leseni, kwa nyuma: 57.

Futi ninazo tatu, nimeazima kwa mafundi wa pale sokoni na nimewaahidi kuzirudisha kabla ya magharibi. Moja ikae kwa mwenyekiti, moja huku kwa akina mama, moja ninayo mimi. Mwenye kalamu aandike namba ya jirani yake kwenye kiganja. Pangeni mstari kuanzia mlangoni, na waliobeba helmeti wazilete ndani, wasiache hata moja kwenye pikipiki.